Ng'ombe wa Hezron Hawauzwi kwa Pakiti

Hezron Magesa anachora mabango ya maduka kule Bweri. Ukipita Nyakato utaona ukutani samaki wake, vinyozi wake na simu zake. Wateja wake hawajui kwamba kwa miaka sita amekuwa akitengeneza mchezo. Si wa kukimbiza kete ubaoni. Watu wanne wanakaa mezani, kila mmoja anakuwa mfugaji na kuongea kama huyo mfugaji, na dadu inaamua kama mvua imenyesha au simba ameingia. Hadithi mnaitunga wenyewe mkicheza. Mtindo huo aliuona kwenye simu, kwa Wazungu wanaocheza habari za mapanga na mazimwi, akajiuliza kwa nini pasiwe na ng'ombe.

Kanuni kubwa aliitoa kwa baba yake, Butiama. Mzee alikuwa na ng'ombe kumi na mmoja, lakini zizini kwake ulikuta wawili tu. Wengine aliwaweka kwa marafiki, mmoja huku, watatu kule. Mwaka ugonjwa ulipofagia boma, hao wa mbali ndio waliobaki. Basi kwenye mchezo wa Hezron huruhusiwi kukaa na ng'ombe wako. Unamkabidhi mwenzako, na ukitaka habari zake lazima umuulize.

Shida ni kwamba mchezo wa namna hiyo huuwezi peke yako. Wenzake watatu waliokuwa wakiujaribu walihama, wawili Mwanza, mmoja Kahama, na sasa kadi alizochora ng'ombe wa mchezo zina miaka miwili ndani ya kopo tupu la rangi. Kwa hiyo dada Shani wa Bunda, muuza vifaa vya shule mwenye mashine za kuchapa, aliyetaka kuuchapa mchezo auuze, alipopiga simu kwamba sampuli iko tayari, Hezron aliacha bango likiwa nusu, akapanda basi na kopo lake hadi Bunda.

Sampuli ilikuwa pakiti zinazong'aa. Ndani, ng'ombe weusi kwa weupe, wanene.

"Hawa si wa kwenye maziwa ya dukani?"

"Fundi wa kompyuta kawatoa hukohuko," Shani alisema. "Lakini wamependeza, kaka, usikatae."

Akamweleza. Kila pakiti ina ng'ombe watatu. Katika pakiti ishirini, moja ina dume la dhahabu, na mwenye dume hilo hashindwi. Watoto watanunua mpaka walipate.

"Ile kanuni ya kumpa mwenzako nimeitoa. Mtoto kanunua ng'ombe wake, umwambie ampe jirani? Atalia mpaka mama yake airudishe pakiti."

"Sasa mezani wataongea nini?"

"Si lazima waongee. Mtu anaweza kucheza hata peke yake."

Hezron alilitazama jina lake kwenye jalada, kubwa kuliko alivyowahi kujichorea mwenyewe. Nakala elfu mbili, shule za Musoma mpaka Guta, watu wanaomjua. Ilibaki sahihi tu.

"Usichape, dada."

Shani aliirudisha sampuli mezani. "Huu wako unachezaga na nani?"

Hezron alifungua kopo, akapanga kadi mezani. "Na wewe," alisema. "Kaa."

Shani akacheka, akakaa, akawa mjane aitwaye Robi mwenye mdomo. Dadu ikaleta ukame. Hezron akamkabidhi mtamba mwekundu.

"Ana tabia gani huyu?"

"Anapenda kutoroka."

"Kama mume wangu wa kwanza. Mlete, nimeshazoea."

Hezron alicheka mpaka akashangaa sauti yake. Ndipo wakaingia wanafunzi kutaka madaftari, kisha mama wa kutoa kopi, na Shani akainuka. Hezron akabaki na dadu mkononi, akingoja zamu. Foleni ikafika mlangoni. Mwishowe akakusanya kadi zake, lakini yule mtamba hakumgusa.

"Kaka, umesahau moja," Shani aliita.

"Iko kwako. Nitakuja kuuliza habari zake."

"Nikiipoteza?"

"Utanieleza amepoteaje."

Shani aliitazama kadi, akaitazama foleni. "Njoo siku isiyo na wateja, basi," alisema, akamgeukia yule mama. "Kopi ngapi?"

Hezron alitembea hadi stendi akiwaza siku hiyo ni ipi. Duka la Shani linafunguliwa siku zote saba.