Kidole Nilichokikunja

Nilipokuwa mtoto wa kaptura iliyotoboka nyuma, kule Kabuchai, hakuna kitu nilichoogopa, na nilihakikisha kila mtu anajua. Nilipanda miti ambayo wakubwa waliizunguka. Nilimshika nyoka mkia. Alikuwa amekufa, ni kweli, lakini ni wangapi kati yenu wamemshika hata huyo? Leo hapa Kitale, ukitaka shamba lilimwe mistari inyooke kama imepigwa rula, utaambiwa mtafute Wafula wa trekta. Shule niliiacha mapema, na hasara ni yake. Naanza hivi mjue kwamba anayewaambia haya si mtu wa kutetemeka ovyo.

Sasa, nyuma ya jikoni ya kukhu, yaani nyanya yangu, kulikuwa na malenge yaliyotambaa mpaka kwenye miwa. Sheria ilikuwa moja: lenge changa halinyooshewi kidole. Ukilinyooshea linageuka manjano na kudondoka kabla halijakomaa. Ukitaka kumwonyesha mtu, unakunja kidole na kuonyesha kwa kifundo. Ukijisahau, unakiuma kidole hapo hapo, na yale maumivu yanafuta ubaya. Kwetu kila mtoto anaijua hii. Mimi nilikuwa nayanyooshea kusudi, binamu zangu wakipiga nduru, na siumi chochote. Mengine yalidondoka kweli. Malenge hudondoka, bana, hata yasiponyooshewa kidole, lakini hiyo nilikuja kuijua ukubwani.

Mwaka huo mama alikuwa mjamzito. Siku moja alikaa kwenye mkeka akichambua majani ya malenge ya jioni, gauni limemjaa mbele, kukhu kando yake akipepeta mtama. Nikaja mbio kutoka shambani na kumnyooshea tumbo kidole, karibu nimguse. Nikamwuliza hilo lenge lake litapikwa lini, maana naona limekuwa kubwa kushinda yote. Binamu zangu wakaanguka kwa kicheko. Mama alitabasamu kidogo, akaacha. Kukhu aliweka ungo chini na kunishika mkono mpaka nikasikia mifupa.

"Uma," alisema. "Uma hicho kidole sasa hivi."

Nikakataa. Mimi, mbele ya binamu zangu, niume kidole kama mtoto wa kunyonya? Nikajichomoa, nikakificha kwapani na kuingia kwenye miwa nikiimba.

Wiki hiyo haikuisha kabla mama hajapelekwa hospitali Bungoma. Alirudi akitembea polepole, mikono mitupu. Hakuna aliyenieleza kitu. Hakuna aliyenilaumu pia, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu ningelaumiwa ningebisha, na kubisha nakujua. Nilienda nyuma ya jikoni peke yangu, nikakiuma kile kidole mpaka kikatoa damu. Nilijua nimechelewa.

Baada ya hapo niliishi maisha yangu, tena kwa kelele nyingi. Kukhu akafa sijamwuliza neno. Kisha mwaka huu mke wangu Nekesa akashika mimba. Kwa wenzangu wa matrekta nilitangaza kama mtu aliyeshinda uchaguzi. Nyumbani kwetu, mtaa wa Tuwan, ilikuwa hadithi nyingine. Nilianza kuchukua kazi za mashamba ya mbali na kulala huko huko. Nekesa akiniita nishike tumbo, mtoto anacheza, nasema mikono ina grisi. Mwanzo alifikiri nina mwanamke. Mwishowe akaniambia, bila kupandisha sauti, kwamba nichague: ama niende kwa mshauri wa pale kliniki anakoenda, ama yeye arudi kwao Bumula na mtoto azaliwe huko bila mimi. Nikavaa koti langu zuri nikaenda, nikijua nitamchekesha huyo mshauri kidogo tu na atanirudisha nyumbani na sifa.

Madam Cherop hakucheka. Aliniacha nijisifu mpaka maneno yakaniishia, halafu akapanga kadi za picha mezani. Alisema zinaitwa tarot. Nikamwuliza kama sasa ananipigia ramli, nimwite pasta mapema.

"Hizi kadi hazijui kesho yako," alisema. "Ni picha tu. Jicho lako likienda mahali lenyewe, mimi nitakuuliza lilifuata nini huko."

Ati jicho langu liende lenyewe. Na likaenda. Lilikwama kwa mwanamke aliyeketi kwenye shamba la ngano, kama yale ninayolima, gauni lake pana limejaa matunda ya kuchorwa.

"Huyu wa malenge," nikasema, nikimwonyesha.

Madam Cherop aliitazama kadi, kisha akautazama mkono wangu. "Aliyechora alichora makomamanga. Lakini hayo tuyaache. Mbona unaonyesha kwa kifundo?"

Nikaangalia. Kidole kilikuwa kimekunjwa. Miaka yote hiyo nimekuwa nikiwaonyesha watu mipaka ya mashamba kwa kifundo, au kwa mdomo. Taniboi wangu, wale vijana wanaonisaidia kwenye trekta, huniiga wakicheka, na mimi huwaambia ni staili. Nilimsimulia yote nikilia kwenye kile kiti mpaka kamasi zikaingia kwenye koti, na Nekesa, aliyenisindikiza, alikuwa kwenye benchi nje anasikia kila kitu.

Madam Cherop hakuniambia imani za kukhu ni upuzi. Aliniuliza kitu kimoja tu, kama nimewahi kumwuliza mama yangu kuhusu hiyo siku.

Nilimkuta mama kule Kabuchai akipukuchua mahindi. Nilikaa chini, nikamweleza nikiwa nayaangalia mahindi. Alimaliza kupukuchua gunzi alilokuwa nalo.

"Mtoto alikuwa ameacha kucheza kabla ya hiyo siku," alisema. "Asubuhi nilikuwa nimemwambia kukhu wako. Ndio maana alikushika vile. Aliogopa, akawa anatafuta kitu cha kufanya."

Nilikuwa karibu nishushe pumzi, lakini hakuwa amemaliza.

"Mimi nilidhani unanichukia, baba. Toka hapo hukunikaribia tena. Nikikuita unasimama mlangoni. Nikasema basi, hata huyu niliyebaki naye hanitaki."

Aibu ya kidole nilikuwa nimeizoea, nimekua nayo kama kovu. Hii ilikuwa mpya. Mtoto hakuuawa na kidole changu, sasa najua. Lakini mama alirudi kutoka hospitalini mikono mitupu akakuta na mimi nimeondoka, huku bado nakula kwake. Nilijidhani jasiri muda huo wote, kumbe nilikuwa nimejificha kwenye ile miwa sijawahi kutoka. Na sheria ya kukhu siwezi tena kuicheka. Iliwapa watu wenye hofu kitu kidogo cha kufanya na mikono yao.

Niliporudi Tuwan, Nekesa alikuwa amelala ubavu, mizigo yake bado iko mahali pake. Nilimwuliza mtoto anacheza upande gani. Akanionyesha. Nikakinyoosha kidole, chote, nikakiweka pale kwenye tumbo, na ndani kitu kikanigonga.

Halafu nikakiuma. Nekesa aliniangalia bila kucheka, na mimi sikumwambia ni staili.