Pete Juu ya Bunduki ya Papa Viviane

Mume wangu alinivunja jino bila kuninyooshea hata kidole. Nilikuwa nashona nguo za komunyo za watoto wa parokia, mashine haipumziki, na yeye, kwa kuwa siku hizi yupo nyumbani tu, akajitolea kunichagulia maharagi. Alikaa mlangoni, sinia mapajani, uso wa mtu mwenye kazi nzito. Tulipokaa kula nikatafuna jiwe, na kipande cha jino langu kikabaki kiganjani.

Sikumtukana sana. Kesho yake nilimtegea sinia lingine la maharagi nikamtazama kutoka kwenye mashine. Alilisogeza mbali na uso, akalisogeza tena, mpaka mikono ikamwishia urefu. Hapo nikaelewa. Macho yake ya karibu yalikuwa yamemwacha, naye hakuwa amemwambia mtu.

Jina lake ni Théophile, lakini hapa mtaani kwetu Panda wote humwita Papa Viviane, kwa jina la binti yetu wa kwanza, nami ni Mama Viviane. Alikuwa fundi wa vyuma karakana, mpaka kazi ilipokwisha. Uwindaji aliupata kwa baba yake, na miaka mingi likizo zake alizimalizia porini akiwasindikiza wawindaji wenye vibali. Ana bunduki moja, ina karatasi zake zote, na anavyoitunza mimi huiita mke mkubwa. Mtu huyu hajivunii nguo wala maneno. Anajivunia mikono yake na macho yake. Na kweli, mbali anaona bado: Mama Orpha jirani yetu, mtu wa maombi, akitokea mwisho wa barabara anamtambua upesi, anaingia ndani kujificha asiombewe kwa sauti.

Ningemnunulia miwani, tungecheka, yakaisha. Lakini juma lilelile nyati akamvunja Gaston mbavu.

Gaston alifanya kazi naye karakana, sasa analima mboga ng'ambo ya Buluo, kando ya mto. Nyati yule alikuwa na waya wa mtego mguuni, kidonda kimeoza, hasira tupu. Alijificha kwenye matete katikati ya mashamba, na akina mama hawakuthubutu tena kwenda kuvuna. Watu wa wanyamapori wakatoa kibali auawe, wakamtafuta mtu mwenye bunduki nzito na uzoefu. Wakaja kwetu. Mume wangu akaitika kabla hawajamaliza kusema.

Usiniulize jinsi barabara yetu ilivyoipokea habari. Nyati alikuwa bado anatembea kwa miguu yake minne, na huku kwetu alikuwa ameshagawanywa. Huyu paja, yule mkia. Mama Orpha, ambaye kila Jumapili anatuonya juu ya tamaa ya tumbo, alipita mlangoni akasema polepole, "Mama Viviane, miye maini tu."

Mimi sikuwa na hamu ya maini. Niliogopa, nasema wazi, niliogopa mpaka nikashona mkono wa gauni kwenye shingo. Kwenye matete yale nyati humwoni mpaka akufikie. Na bunduki ya mume wangu ilikuwa ya kulengea kwa mtindo wa zamani: nyuma, karibu na uso, kuna mkato mdogo, mbele mwishoni mwa mtutu kuna kinundu, na jicho lazima liweke mkato, kinundu na mnyama kwenye mstari mmoja. Jicho lisiloona jiwe kwenye maharagi litauonaje mkato ule? Na miwani ya karibu ingemfanya nyati kuwa ukungu.

Mkwe wetu Ricky, mume wa Viviane, kijana mwenye moyo mzuri, akaleta darubini ya bunduki kutoka Lubumbashi. Nene, nyeusi, inang'aa.

"Papa, na hii utaona mpaka kupe ku masikio ya nyati," akasema.

"Kupe atamuona," nikajibu. "Nyati mwenyewe akiwa hapa karibu, atamuona wapi?"

Walinitazama kama mtu aliyeongea kanisani. Mume wangu akaifunga darubini, akachungulia mtambo wa maji ulio mbali, akafurahi. Nikawaacha wafurahi. Alipokwenda kuoga nikaitoa culasse, kile chuma kinachofunga risasi ndani ya bunduki, nikaifukia ndani ya kopo la unga. Bila hiyo bunduki ni fimbo.

Alipotoka aliona upesi.

"Mama Viviane, culasse iko wapi?"

"Iko fasi iko."

"Leta."

"Uniambie kwanza juu ya macho yako."

"Macho yangu iko na nini?"

"Uulize jino yangu."

 Alikaa kwenye kiti cha wateja wangu, kati ya magauni meupe, na kwa mara ya kwanza nikamwona mzee. Akasema taratibu kwamba kinundu cha mbele anakiona vizuri, ila mkato wa nyuma umekuwa moshi.

"Juu ya nini hukusema?"

"Nani atatuma kipofu ku nyati? Na Gaston ni ndugu yangu."

"Weye hauko kipofu. Weye uko muzee tu."

Akacheka bila kutaka. Ndipo akaniambia kwamba zamani porini aliwahi kumwona mwindaji mmoja mwenye mvi aliyeondoa mkato akaweka pete ya chuma. Pete inakaa karibu na jicho, wala huiangalii. Unaangalia kupitia ndani yake, kama unavyochungulia dirishani bila kutazama fremu, na jicho lenyewe linatafuta katikati. Yeye na wenzake walimcheka yule mzee siku nzima.

"Ile ni kitu ya bazee," akamaliza.

"Basi utengeneze ya kwako."

Alichukua tupa na kipande cha chuma akaingia kazini. Hapo ndipo ufundi wake ulipotaka kumwua. Fundi wa karakana hajui kutoboa tundu kubwa la ovyo. Amezoea vitu vinavyoingiliana bila nafasi hata ya unywele. Alinitolea pete nzuri sana, yenye tundu la kupitisha uzi wangu. Kwa kinundu cha mbele nilimpa kifungo cheupe cha shati lake la harusi, lile lisilofunga tena tumboni, akakikata akakipachika kama punje ya mchele. Kisha nikasema culasse haitoki ndani ya unga mpaka tujaribu.

Tulikwenda kwenye mteremko wa udongo wa zamani wa mgodi, mimi, yeye, na Ricky na tairi la lori. Kanuni ilikuwa yangu. Ricky anasukuma tairi kutoka juu na kukimbilia pembeni, mume wangu anasimama chini na bunduki isiyo na culasse, na akisha kulipata tairi kwenye shabaha anapiga kelele "Paa!"

Tukaanza na darubini, Ricky asivunjike moyo. Tairi likashuka likirukaruka. Mume wangu bunduki begani, kimya. Anatafuta. Tairi likaja, naye bado anatafuta, na likamzoa miguu, akakaa chini na darubini yake. Aliniambia alichoona ni weusi, halafu wingu. Ricky mwenyewe aliifungua darubini akaiweka mfukoni.

Kwa mkato wa zamani alisema "Paa" tairi likiwa limefika kwenye buti.

Kwa pete nzuri ya fundi hakusema kitu, aliruka tu pembeni. "Iko giza," akanung'unika.

"Ni tundu ya sindano!" nikamfokea. "Uifungue. Hautafuti kupe."

Alirudi nyumbani akaipanua ile pete huku akiguna, kama mtu anayelazimishwa kukata nguo mpya. Ukingo ukabaki mwembamba, tundu pana, aibu tupu machoni pa fundi. Tukarudi mteremkoni. Tairi liliachwa, halijafika hata katikati, nikasikia "Paa!" Tukarudia, "Paa!" Tukarudia mpaka Ricky akaomba maji. Nilikaa chini kwenye udongo ule mwekundu na sketi yangu safi, nikalia kidogo. Kisha nikampa culasse. Alikwenda na mlinzi wa wanyama kuipima kwa risasi za kweli, akarudi na kadibodi yenye matundu yanayofunikwa na kisahani cha chai.

Asubuhi waliyoondoka kumfuata nyati sikumwaga machozi. Nilikaa kwenye mashine. Mama Orpha akaja, akavuta kigoda, akaomba kwa sauti yake yote, na siku hiyo sikumchukia. Hakutaja maini hata mara moja. Tulisikia mlio mmoja wa pikipiki, ukapita. Wa pili ukapita. Wa tatu ukazima mlangoni kwetu.

Akaingia mwenyewe. Suruali imelowa matope mpaka kiunoni, buti moja limebaki mtoni, mwili mzima. Nilimpapasa mbavu, mikono, kichwa, mbele ya mlinzi wa wanyama na Mama Orpha, bila haya. Lo, mwili ule ulikuwa mzima! 

Nyati alikuwa amezunguka, akawasubiri kando ya nyayo zake mwenyewe. Alitoka ubavuni, matete yakifunguka, karibu kuliko mashine na mlango.

"Ile pete hata sikuiona," mume wangu akasema. "Niliona kifungo yako ya mweupe, na nyuma yake pua. Njo vile tu. Akaanguka ku miguu yangu, ananimwangia maji."

Kisha akaitoa culasse mfukoni, bado inanuka baruti, akaniwekea kiganjani. "Uirudishe mu bunga," akasema. "Ikae kwako."

Nyama iligawiwa kwa akina mama wa mashambani, wao ndio waliokuwa wamekosa mavuno, na barabara yetu ikapata kiasi. Mama Orpha alipata maini, akayabeba akiimba. Kwetu walikuja Ricky na Viviane, na Gaston mwenye bendeji kifuani, akituomba tafadhali tusimchekeshe. Mimi nikasonga bukari, ugali wetu wa huku. Mume wangu, kwa furaha yake, akakaa mlangoni na sinia, kunichagulia maharagi. Miwani nilimpa. Akaipandisha juu ya paji la uso, akaiacha hukohuko.

Tulipoanza kula, kitu kikalia kati ya meno yangu, kak. Wote wakasikia. Mikono ikasimama juu ya sahani, mume wangu akainamisha kichwa akingoja.

Nikaangua kicheko, nikacheka mpaka machozi, na Gaston akashika mbavu zake akilalamika. Mtu anayeniachia mawe kwenye maharagi yuko hapa, mbele yangu, na buti moja. Nikalitoa lile jiwe, nikaliweka kando ya sahani, nikamwambia aniongeze maharagi.