Upande wa Joto wa Projekta Yetu

Kwa siku nne sikupata usingizi wa maana kwa sababu ya balbu. Si balbu ya nyumba, hiyo ningenunua dukani kwa jirani. Ni ile ya ndani ya projekta ya kikundi cha akina mama cha bibi yangu, Shosho. Fundi mmoja wa Meru mjini aliichungulia, akaipuliza, kisha akaniambia, "Madam, hii inaweza kuwaka masaa kumi, ama dakika kumi, ama ikuage ukibonyeza tu. Na ingine kama hii hupati. Waliacha kuleta." Akanirudishia mashine kwa mikono miwili, kama mtu anayekupa mtoto aliyelala.

Sasa wewe niambie, ungeiwasha?

Shosho alitaka iwashwe Jumamosi. Wanawake watano waliobaki wa kikundi chake wangekuja ukumbini kutazama ile filamu ya siku ya kufungua tangi la maji. Filamu yenyewe haikuwa hatarini, maana niliihifadhi kwenye simu kitambo. Nilimwonyesha. Akaisogeza simu mbali, akaisogeza karibu, akaniuliza kwa nini nimewageuza wenzake kuwa siafu. Nikamkumbusha kwamba kanisa lina televisheni kubwa siku hizi.

"Hiyo imebandikwa ukutani, haina mgongo," akasema. "Nikisikia baridi nitaketi upande gani?"

Nikachukua karatasi, nikaigawa mara mbili. Mimi ni mtu wa karatasi za namna hiyo. Nilimaliza chuo miaka miwili iliyopita, na kuna barua moja ya kazi niliyoisoma mara nyingi sana nikitafuta kosa, hadi siku ya mwisho ya kutuma ikapita nikiwa bado naisoma. Upande wa kutoiwasha ulifika sababu kumi na saba. Upande wa pili ulikuwa na moja tu: Shosho amesema. Sababu ya kumi na saba sikuiandika vizuri, niliandika neno "blanketi" peke yake, nikapiga mstari chini.

Ijumaa asubuhi niliifungua projekta niisafishe tu, bila kuamua lolote. Ilikuwa ndani ya kiondo chake cha zamani, kikapu cha kusuka, chini ya kitanda cha Shosho. Nilipofungua, harufu ikanipanda puani: gunia la kahawa, sabuni ya kipande, na lile vumbi lililowahi kuungua kidogo. Nikakaa sakafuni. Nilikuwa na miaka kumi tena.

Wakati huo, rafiki yangu, kijiji chetu cha juu ya Nkubu hakikuwa na skrini kubwa popote. Projekta ililetwa na mtu aliyekuja kuwafundisha akina mama kupogoa kahawa, na alipoondoka akakiachia kikundi. Yeye alienda zake, lakini mashine ikarithi jina lake. Iliitwa Mgeni. Na kwa kuwa Shosho ndiye aliyekuwa mwenyekiti, Mgeni alikaa kwetu, akalazwa juu ya gunia safi, akabebwa kwa kiondo cha mkanda wa kichwani, mgongoni mwa Shosho, polepole, huku kila tunayekutana naye akiuliza, "Mgeni ameamkaje leo?" Shosho alijibu bila kucheka, "Amelala vizuri, anataka kuona watu."

Aliyetufundisha kuitumia alikuwa mwalimu wetu wa darasa la tano. Alitoka Runyenjes, na Kiembu chake kiliwachekesha akina mama hata aliposema jambo la huzuni. Alinichagua mimi kuwa mtunzaji kwa sababu, alisema, mimi ndiye mtoto pekee anayeuliza swali kabla ya kugusa kitu. Masharti yake alinifundisha kwa kuyarudia hadi nikayaota. Kwanza ikae sawa. Mguu mmoja wa mbele ulikuwa umepotea, kwa hiyo tuliuwekea gunzi la mahindi, na ukilisukuma zaidi picha inapanuka juu kama karai. Halafu toa kifuniko cha jicho. Halafu waya wa kompyuta yake, halafu umeme, halafu ungoje taa ya kijani itulie. Ukimaliza, zima, lakini usichomoe waya kabla feni haijanyamaza. "Iache imalize kupumua," alisema. Na kila Ijumaa nilitoa kile kichujio cha sponji cha ubavuni nikakifagia vumbi kwa unyoya wa kuku. Unyoya wa jogoo ni mgumu mno. Nilitafuta wa mtetea, wa chini ya bawa.

Sharti la mwisho lilikuwa hili: matundu yake yasizibwe na chochote.

Maonyesho yalikuwa mchana, Jumamosi, baada ya kazi za shamba. Na mchana unahitaji giza. Kwa hiyo nyumba nane zilileta kila moja blanketi la dirisha. Ukumbi ulikuwa na madirisha manane, na ilijulikana dirisha hili ni la nani. Sisi watoto tulikaa humo ndani tukitazama jua likipenya kwenye nyuzi za mablanketi ya watu, jekundu kwa kina fulani, la mistari ya kijani kwa wengine, na tuliweza kukuambia nani ananunua jipya na nani bado ana la harusi. Nduma za kuchemsha zilipitishwa kwenye karai, na uji mchachu kwa vikombe vya bati vilivyochoma midomo.

Lakini kitu nilichotaka kukuambia ni kile cha baridi. Unaijua Agosti ya kwetu, ukungu unashuka kutoka mlimani na kukaa kwenye migomba mpaka saa sita. Ukumbi ulikuwa kama kisima. Na Mgeni, akishawaka, alipumua hewa ya moto kupitia ubavu wake wa kulia. Basi watu hawakugombania viti vya mbele. Waligombania upande wa joto! Ukiketi hapo picha unaiona kwa pembeni, watu wote wembamba kama mijusi, lakini magoti yako yanaiva. Akina mama walifika mapema kuweka leso kwenye ile benchi.

Malkia wa benchi hiyo alikuwa jirani yetu, mwanamke aliyeolewa huku juu kutoka Mitunguu, kwenye jua na ndizi, na ambaye kwa miaka yote hakuwahi kukubali kwamba baridi yetu ni kitu cha kawaida.

"Mama Mwenyekiti," alimwambia Shosho, "nyinyi mliumbwa ndani ya friji."

"Na wewe wa Mitunguu uliumbwa kwenye jiko," Shosho alijibu. "Songa, unakalia leso yangu."

"Leso haisikii baridi. Mimi nasikia."

Siku ya tangi lenyewe, mwalimu alikuwa ameazima kamera akawarekodi akina mama wakicheza. Walikuwa ishirini na wawili, kila mmoja na mtungi wake. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amewahi kujiona akitembea. Kwenye kioo ndiyo, kwenye picha ndiyo, lakini kujiona mgongo wako ukienda zake, hapana. Kwa hiyo Jumamosi ya kuionyesha, ukumbi ulijaa hadi mlangoni, na kwa kuwa watu walikuwa wengi, likaja blanketi la tisa, lisilo na dirisha.

Filamu ikaanza. Mama wa kwanza akapita, vigelegele. Wa pili, vigelegele. Kila anayepita alitajwa kwa sauti, na mwenyewe alificha uso. Jirani yetu alijua yeye ni wa kumi na nne, alikuwa amehesabu siku ile ile. Alikuwa amevaa kitambaa kipya kichwani ili wale wawili, wa ukutani na wa kwenye benchi, wasiaibishane.

Walipofika wa tisa, upepo ukapita chini ya mlango. Feni ya Mgeni ikaanza kunguruma zaidi. Shosho akainama akaisikiliza.

"Mwari," akaniita, kama alivyowaita wasichana wote wa nyumba yake, "Mgeni anakohoa. Baridi imempata. Mfunike."

Na akanipa blanketi la tisa.

Nilijua. Hapo ndipo penye sababu ya kumi na saba. Nilijua sharti la mwisho kama ninavyojua jina langu. Lakini aliyesema ni Shosho, mbele ya watu, na mtoto hamkatazi shosho yake. Nikafikiri: labda nifunike nusu. Nikafunika nusu. Nikafikiri: labda nimwite mwalimu. Mwalimu alikuwa mbele, kuna vichwa vingi. Nikafikiri nikohoe ili ageuke. Shosho akaona nusu nyingine iko wazi, akaimalizia mwenyewe, akaichomeka vizuri pembeni, kama unavyomchomekea mgonjwa. Wa kumi na moja akapita. Wa kumi na mbili. Nilikuwa bado napanga maneno ya heshima ya kusema. Wa kumi na tatu akapita, kisha ukuta ukawa mweusi.

Kisha sauti ya jirani yetu gizani:

"Mmenizima! Mimi! Nikiwa mlangoni!"

Ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Mwalimu alipofika na tochi akaliona blanketi. Aliliondoa tu, akaweka mkono juu ya mashine, akautoa haraka. Shosho akauliza kama Mgeni amekufa. "Amezimia," mwalimu alisema. "Kwa joto. Tungoje apoe."

Mimi nililia hadi kamasi. Na jirani yetu, badala ya kukasirika, alisimama. Akaweka mtungi wa uji kichwani, mtupu, namshukuru Mungu, akaingia mbele ya ule ukuta mweusi akacheza ile zamu yake ya kumi na nne yeye mwenyewe, kwa mwanga wa tochi ya mwalimu. Wakaimba, wakapiga makofi, na wale waliokwisha kupita kwenye filamu nao wakainuka kuthibitisha kwamba walicheza vizuri zaidi ya vile ilivyoonekana. Ilipopita karibu nusu saa, taa yake, iliyokuwa ya rangi ya machungwa, ikarudi kuwa ya kijani. Mwalimu akanisukuma mbele: "Mtunzaji, washa." Ikawaka.

Na akapita, wa kumi na nne, mkubwa kama mlango, mtungi haujagusa mkono. Alijitazama mdomo wazi.

"Kumbe mimi ni mzuri hivi na mmenyamaza?" akasema. "Rudisha!"

Ilirudishwa mara nne.

Siku ya Jumamosi hii, basi, nilibeba kiondo mimi, maana mgongo wa Shosho hauruhusu tena. Ukumbi sasa una mapazia mazito ya kununua, mlango haupitishi upepo, na hakuna mtu aliyetuletea blanketi. Mwalimu alistaafu akarudi kwao Runyenjes. Nilimpigia simu asubuhi kumuuliza nifanye nini na balbu. Nilimweleza yale ya fundi, nikamsomea sababu zangu zote. Alinisikiliza hadi mwisho. Halafu akauliza, "Gunzi la mahindi umebeba?" Nilikuwa nimebeba.

Wanawake walikuja, watano pamoja na Shosho, na fimbo tatu. Benchi ikavutwa upande wa kulia bila mtu kuagiza. Wakabanana wote watano hapo, ukumbi mzima wa viti vya plastiki ukabaki mtupu, na Shosho akaacha nafasi moja pembeni yake, akatandika leso juu yake. Jirani yetu tulimzika mwaka juzi, Mitunguu, kwenye jua, kama alivyoagiza.

Gunzi. Kifuniko. Waya. Umeme. Kijani. Kidole changu kilikaa juu ya kile kitufe hadi mama mmoja akauliza kama umeme umepotea.

Nikabonyeza.

Ilichukua muda kuliko zamani, na rangi zilikuwa za chai, lakini wakatokea. Hewa ya moto ikatoka, nikaona magoti kumi yakisogea. Wakaanza kuwataja, kila aliyepita, walio kaburini na walio kwenye benchi, kwa sauti moja, bila kutofautisha. Nami sikuangalia ukuta. Niliangalia taa ndogo nyekundu ya onyo la balbu, iliyokuwa imeanza kupepesa ubavuni, mara moja, mara mbili, ikinikumbusha sababu zote kumi na saba. Wa kumi na tatu akapita. Wa kumi na nne akaingia, na ukuta haukuzimika. Akacheza zamu yake yote, akatoka.

Nilishukuru. Nilikuwa tayari kuizima hapo hapo, ikiwa hai, niiache imalize kupumua, niirudishe kwenye gunia lake na dakika zake chache zilizobaki. Ndivyo mtunzaji angefanya.

"Mwari," Shosho akasema, mkono wake juu ya ile leso. "Rudisha."

Nyekundu ilikuwa inapepesa haraka zaidi. Nikairudisha mwanzo wa zamu ya jirani yetu, nikaacha kiti changu nyuma ya mashine, nikaenda kubanana nao upande wa joto.