Siku Tuliyokwenda Kukiangalia Chuo Kikuu

Juzi niliona watalii wakipiga picha mbele ya maktaba ya chuo kikuu kile cha kilimani, nikatabasamu. Mimi pia nilifika pale mara ya kwanza kama mtalii, nikitokea Kariakoo, nimeshikwa mkono na shangazi yangu Mwanahawa, muuza vitenge.

Kwangu chuo kilikuwa kimoja tu, kile cha Kurani cha maalimu wetu, chenye mikeka na bakora. Shangazi aliposema tunaenda chuo kikuu, nilijua ni hichohicho, ila bakora zake ndefu zaidi. Nikajifunga ushungi vizuri, na njia nzima nikawa narudia sura moyoni.

Getini mlinzi aliuliza, "Mnamtafuta nani, mama?"

"Hatumtafuti mtu. Tumekuja kukiangalia chuo."

Akatupisha.

Tuliingia ukumbi mmoja mkubwa ulionukia chaki. Mwalimu wa kike alikuwa akifuta ubao.

"Shikamoo, maalimu," nikasema.

"Marahaba."

Kabla hajaniuliza lolote, nikamsomea Alhamdu yote, kwa sauti kubwa hadi kuta zikaitikia. Alinisikiliza mpaka mwisho, dasta mkononi.

"Mbona umesoma vizuri hivyo?"

"Naogopa bakora."

Alicheka hadi akashika meza. "Hapa hatuchapi mtu, mwanangu."

Shangazi hakucheka. Alinionyesha kiti cha mbele kabisa. "Kaa, tuone kama kinakufaa."

Nikakaa. Miguu haikufika sakafuni, lakini sikuona sababu ya kumwambia hakinifai.