Barua Iliyosomwa Msibani Yakobi

Shule ya jioni niliimaliza nikiwa na ndevu za kutosha kufumia sweta. Nilipopata cheti changu cha kidato cha nne, nilikitembeza Njombe nzima. Nadhani hata mbuzi wa stendi walikisoma. Nilitaka ufundi umeme. Mafundi tisa waliniambia nafasi hakuna. Wa kumi hakuniambia kitu, alifunga mlango tu.

Ndipo muuza nyaya mmoja wa sokoni akaninong'oneza, "Nenda Makambako, kwa yule fundi mwenye karakana karibu na reli. Nafasi imepatikana juzi." Hakuniambia imepatikanaje, na mimi sikuuliza. Mtu mwenye njaa haulizi ugali umebakije.

Barua niliiandika mara saba. Nikaitia kwenye bahasha ya kaki, nikavaa koti jeusi la harusi ya kaka yangu, nikapanda gari la asubuhi. Upepo wa Makambako siku hiyo ungeweza kumnyoa padri. Karakana nikaikuta ina kufuli. Mama aliyekuwa akikaanga vitumbua jirani akanitazama kuanzia koti hadi viatu.

"Fundi hayupo, mwanangu. Wote wako msibani Yakobi."

Yakobi! Kijijini kwetu, nilikotoka! Ningebaki nyumbani ningefika kwa miguu. Nikajisemea, labda amefiwa na shangazi. Nikingoja wiki ya matanga iishe, mwingine ataniwahi. Nikapanda gari kurudi.

Nilifika ibada ikiendelea uani, chini ya turubai, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba. Mlangoni alisimama mzee wa kanisa mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Kamwene, kijana. Unatoka wapi?"

"Kamwene, mzee. Natoka Makambako, karakana kwa fundi. Nina barua."

"Ahaa, ya ofisini. Ilete, tulikuwa tunaingoja."

Nikampa. Nilidhani anampelekea fundi, niliyemkisia kuwa yule aliyekaa mbele, kichwa kimeinama. Nikajipongeza: huu ndio ustaarabu, barua inapokelewa hata msibani. Kumbe aliiweka juu ya rundo la salamu za rambirambi. Ndipo nikaona jeneza, na juu yake picha ya kijana wa rika langu, amevaa ovaroli, bisibisi mfukoni.

Nikajua nafasi ile ilikuwa ya nani. Nilitaka kwenda mbele nikaichukue barua, lakini nani anakatiza mbele ya jeneza? Salamu za ukoo zikasomwa. Za kwaya. Kisha mzee akafungua bahasha ya kaki, akakohoa, akaanza kwa sauti ileile ya Zaburi:

"Yahusu, maombi ya nafasi ya kujifunza ufundi umeme. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nimesikia kwamba nafasi iko wazi, na nimefurahi sana."

Akasita. Akageuza karatasi, akatafuta faraja upande wa pili, haikuwapo. Maskini, akaendelea, maana alishazoea kumaliza alichoanza:

"Mimi siogopi umeme hata kidogo. Umeme ndio uniogope mimi."

Nimewahi kusikia kimya cha mtihani na kimya cha baridi ya Julai. Kile kilikuwa na uzito wa gunia la mahindi mabichi. Mwanamke mmoja akasema, "Yesu wangu." Nyuma yangu sauti ya kiume ikasema, "Mtoeni huyo kabla hatujamchimbia la kwake."

Sikutolewa. Makaburini nilipewa koleo, nikafukia mpaka viganja vikachubuka. Hakuna aliyeniambia nipumzike, nami sikupumzika.

Baada ya mazishi fundi aliniita. Pembeni yake, kwenye mkeka, alikaa mama wa marehemu.

"Shikamoo, mama. Nisamehe, sikujua."

Akatazama viganja vyangu. "Mama yako yu hai?"

"Yu hai, mama."

"Anajua umeomba kazi hii?"

"Hajui."

Fundi akasema bila kuniangalia, "Nafasi ipo. Mimi siwezi kuiacha wazi wala kuigawa. Mama huyu ndiye aseme."

"Mwanangu alikuwa darini anafunga nyaya," mama akasema. "Chini mtu akawasha meni swichi, ile ya umeme wa nyumba nzima. Wala hakuwa na ubaya naye, aliona giza tu. Mchukue huyu. Lakini kwanza asimamishwe pale pa kuwashia. Ajifunze kusimama."

Jioni hiyo nilimweleza mama yangu yote. Alilia kama vile aliyezikwa ni mimi. Asubuhi akanipigia koti pasi, akalirudisha kwa kaka.

Miezi minne sikugusa waya. Kila nyumba tuliyoingia, fundi alipanda darini na mimi nikabaki chini, kiganja juu ya meni swichi, kama mlinzi wa benki isiyo na hela. Siku moja mwenye nyumba alitoka chumbani na shati mkononi.

"Mdogo wangu, niwashie dakika mbili tu. Ninyooshe hili, nawahi kikao."

Mimi, mwenye maneno ya kujaza lori, nilitafuta utani nikakosa.

"Kuna mtu juu," nikamwambia.

"Dakika mbili!"

"Kuna mtu juu, kaka."

Akaondoka na makunyanzi yake, akinitukana. Sikuondoa mkono.