Walichorudi Nacho Nyuki Wetu

Harufu ya nta inayochemka hunifanya hadi leo nitupie jicho mlangoni kuona nani anapita. Mwaka ule nikiwa msichana wa darasa la nne, kijijini kwetu nje ya Tabora, mimi na mama tulichuja asali uani huku baba akitaka mlango ufungwe kwanza. Zamani hakuwa hivyo. Yeye na jirani yetu, Mzee Masanja, walirina asali pamoja tangu ujana, wakilala kambi moja msituni, kando ya njia ya zamani ya misafara. Kila mmoja alichonga alama yake kwenye mizinga yake ya magogo, na mzinga wenye alama ya mwenzio huugusi hata ukiwa na njaa.

Kiangazi hicho Masanja alikuja kumwambia baba kwamba nyuki wetu wanaingia kwenye mizinga yake iliyodhoofika na kukomba asali. Baba alikasirika nyuki wake kuitwa wezi. Haukupita muda, nyuki wetu wakaanza kuhama, mzinga baada ya mzinga. Kwenye ndoo ya mwisho niliwaona nyuki waliozama, na migongoni mwao vidudu vyekundu, bapa, vidogo kama punje za ulezi. Nikamwonyesha baba.

"Hivi vimetumwa," alisema. "Na aliyevituma tunamjua."

Bwana nyuki, mtaalamu wa serikali wa ufugaji nyuki, alipokuja kutoka mjini alieleza kuwa ule ni utitiri, unanyonya nyuki na watoto wao, na husafiri migongoni mwa nyuki wanaokwenda kuiba kwenye mizinga dhaifu. Kumbe wetu walirudi na asali na maradhi pamoja. Mama alimsihi baba aende kwa Masanja wayamalize. Baba aliuliza tu bwana nyuki alikula wapi mchana. Alikuwa amekula kwa Masanja, basi kwa baba maneno yake yakawa ya Masanja. Yakaishia hapo, na mimi nikakatazwa kukanyaga kwa Masanja, nyumba nilimokuwa nikishinda na kulala kama kwetu. Iliniuma sana.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona baba. Nyuki wapo, utitiri pia upo, ila hauwamalizi. Vizazi vingi vya nyuki vimepita, na waliobaki ni hodari wa kusafishana. Mlangoni mwa mzinga alioutundika uani nilimwona mmoja akimng'ata mdudu mgongoni mwa mwenzake. Ng'ambo ya barabara Mzee Masanja alikuwa kibarazani, mzee na mpweke kama baba. Nikamwambia baba twende tukamjulie hali, mbona hata nyuki wameweza kuishi na adui wao. Baba akavuta ndoo ya asali karibu na miguu yake, akaifunika.

"Na wewe," akaniuliza, "leo umekula wapi?"