Mkwe Aliyejibu kwa Niaba ya Bibi Kija

Saa mbili asubuhi Getruda Machibya anaingia uani kwa Bibi Kija, Kisesa. Fomu zimo mkobani na hazitoi. Anavuta kigoda, anachota karanga na kuanza kumenya.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wewe wa nani vile?"

"Wa mzee Machibya, bibi."

Hii ni mara ya kumi na moja anafika hapa tangu Januari. Kila mara hujitambulisha upya, wala hachoki.

Getruda, 44, ni mhojaji katika utafiti wa maradhi ya ubongo yanayowapokonya wazee kumbukumbu. Hutembelea kaya sita kwa siku, kwa miguu. Huuliza mambo madogo tu: leo siku gani, una watoto wangapi, taja tena yale maneno matatu niliyokutajia.

Mwaka jana, kwa bibi huyu, aliboronga. Kila alipouliza, Rebeka, mke wa mtoto wa bibi, alidakia jibu. Getruda, Msukuma wa kuzaliwa, aliona ni adabu tu. Mkwe mwema hamwachi mama mkwe aaibike mbele ya mgeni. Akaandika: mzima.

"Nilijua mama anasahau," anasema Rebeka. "Ila hapa kwetu bibi kizee akianza kupotea njia, wanasema mchawi. Ningesemaje?"

Oktoba ya mwaka huo huo, mchana kweupe, Bibi Kija aliingia jikoni kwa jirani, akakuta maji yanachemka, akaanza kusonga ugali akidhani yuko kwake. Wanaume walikuja na fimbo. Rebeka alimkumbatia mama mkwe wake akapiga yowe, hawakupata pa kumpiga. Mwenyekiti wa kitongoji akawahi kuwazuia.

Getruda alilia aliposikia. "Ningeandika ukweli, majirani wangeelezwa mapema. Kosa ni langu, simsingizii mtu."

Siku hizi hatangulizi kalamu, na wakwe huombwa kwa upole wakachote maji. Daktari wa utafiti amekwishaongea na majirani. Wengi wameelewa, nyumba mbili bado hazimsalimii bibi. Ugonjwa wenyewe hauponi, na Getruda hamdanganyi mtu.

Jumamosi amepewa nafasi kwenye mkutano wa kitongoji. Hajawahi kuhutubia watu. Atasema nini?

"Nitawaomba kitu kimoja tu. Bibi azeekee hapa hapa, na siku yake ikifika, afe kwa uzee."